Ndege wa Udongo Ndani ya Jalada la Fiqhi

Siku ya kustaafu, wenzangu wa maabara ya miswada ya kale walinikatia keki, wakanipa saa ya ukutani, wakaniambia, "Bi Zuwena, tuandikie chochote, wanaokuja wasianzie gizani." Saa nimeitundika sebuleni kwangu Mabela, hapa Muscat. Sijui kwa nini mtu asiyekuwa tena na pa kuwahi hupewa saa, lakini ndiyo ada. Vyeo na madaraja nimeviacha. Vimo kwenye mafaili na havimfundishi mtu kubandua karatasi. Na naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Ripoti zangu zote ziko kwa Kiarabu, na nyinyi mliobaki pale wengi mmelelewa na mabibi waliotoka Unguja kama mie. Mnakumbuka pale maabara mambo ya kawaida tulikuwa tukiyasema kwa Kiarabu, na mambo ya khatari kwa Kiswahili. Haya yana khatari kidogo.

Niliajiriwa kwa sababu ya mikono. Nilikuwa msichana niliyemaliza skuli, nna cheti cha kawaida kabisa, na siku ya kuulizwa maswali nilikuwa nimetia kwenye mkoba kofia ya kaka yangu niliyokuwa naidarizi, nisije nikakaa bure kwenye foleni. Mzee mmoja mwenye kipara, aliyekuwa amekaa pembeni bila kuniuliza neno, akanyoosha mkono akaiomba. Akaipindua. Hakutazama maua, alitazama upande wa ndani, kwenye mafundo. Kisha akawaambia wenzake, "Huyu." Mzee yule ndiye Ustadh Yunan, mtu wa Mosul, Mkristo, na ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitabu. Alinipa karatasi kuukuu isiyoandikwa kitu, akaniambia niitikise karibu na sikio. Karatasi nzima hulia kama nguo mpya iliyotiwa wanga. Karatasi iliyochoka haisemi kitu, hunyamaza kama mgonjwa. Nilitikisa karatasi mpaka mchana. Siku ya pili alinitia jikoni. Gundi yetu ni wanga wa ngano, na wanga hupikwa kama uji: moto mdogo, mwiko hausimami, mpaka ung'are, halafu huchujwa. Nikaunguza. Nikapika tena, ukawa na madonge. Nyumbani mama yangu aliposikia alicheka mpaka akajifuta machozi. "Serikali imekuajiri upike uji? Na hata uji wenyewe umekushinda?"

Baada ya uji ndiyo zikaja zana. Mfupa wa kukunjia, ambao kingo zake lazima uzisugue mwenyewe mpaka zikubaliane na kidole chako. Kisu kidogo cha daktari. Brashi laini ya kupangusia vumbi, na haipangusi kitu kingine chochote, hata dawati. Karatasi nyembamba ya Kijapani, ambayo ukiiweka juu ya maandishi unayasoma kama hukuweka kitu. Glavu hakuzipenda. Alisema mkono uliooshwa vizuri unajua zaidi. Na kila tulichokibandika tulikibandika kwa namna ambayo atakayekuja baada yetu ataweza kukibandua bila kutulaani. Hilo lilikuwa sharti lake, na nimeliacha kwenu liwe sharti langu.

Mchana tulipokuwa tunangoja gundi ipoe, Ustadh alikuwa akinihadithia. Mie nilizaliwa Unguja, nikaletwa Muscat mtoto, nikasoma madrasa mbili, huku na kule, na nilidhani Wakristo wana kitabu kimoja tu na basi. Siku moja nilimuuliza hivyo hivyo.

"Kitabu kimoja?" akasema. "Binti, Wakristo wa mwanzo hawakuwa na kazi ila kuandika. Maaskofu waliandika barua njiani wakipelekwa kuuliwa. Watawa wa jangwani waliwaandikia wanafunzi wao namna ya kunyamaza, na wakatumia kurasa nyingi sana kusema hivyo. Kulikuwa na mahubiri, tenzi, hadithi za mitume waliosafiri mpaka Hindi, hadithi za utoto wa Isa. Kilichoingia kwenye Biblia ni kidogo."

"Na nani alikataa hivyo vingine?"

"Unadhani palikuwa na mlango na bawabu?" Alicheka. "Watu walisoma. Vingine wakavisoma kanisani, vikabaki. Vingine wakavisoma nyumbani tu. Vingine wakabishana navyo kwa karne. Vingine wakavisahau, au wakavichoma."

Nikamwambia, "Kama sisi na hadithi za Mtume. Ipo sahihi, ipo dhaifu."

Akatia kidole kwenye gundi kuipima. "Karibu na hivyo. Si hivyo khasa, lakini karibu, na kwa mtu anayepika uji wenye madonge umejitahidi."

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba hata pwani hizi zetu zilikuwa na Wakristo, zamani, kabla ya Uislamu na muda kidogo baadaye. Oman wakiiita Mazun, na kulikuwa na askofu wa Mazun. Huko ng'ambo ya Qatar kulikuwa na watawa waliokuwa wakiandika kwa Kisuriani, lugha ya kanisa lao yeye Yunan. Siku ile nilirudi nyumbani nikipita barabara ya pwani ya Matrah, nikawa nawatazama watu wakinunua samaki, nikijiuliza huyo askofu alikuwa akila samaki gani. Mengine yote nikayaamini, lakini hilo la samaki lilinisumbua kwa wiki nzima. Nikamuuliza. Akasema, "Nguru, bila shaka. Askofu si mjinga."

Alikuwa akinichorea herufi za Kisuriani kwenye karatasi za kunyonyea maji. Hakunifundisha kuzisoma, ila nilizijua sura zake, kama unavyowajua majirani usiojua majina yao.

Miaka ikaenda. Mkewe akafariki, macho yakaanza kumchoka, binti yake akamchukua Australia. Siku ya kuondoka hakutoa hotuba. Alipita kila meza, akafunika kila kitabu kilichokuwa wazi, akatoka.

Nikabaki mie wa kuulizwa. Kesi ngumu ya mwanzo niliyoishika peke yangu ilikuwa ya mafuriko. Wadi, yaani mkondo mkavu unaojaa mvua ikinyesha, lilishuka likaingia kwenye nyumba moja Al Khoudh, likakuta kabati la vitabu vya ukoo. Tuliletewa vitabu vinachuruzika, vimevimba kama mikate ndani ya supu. Kitabu kilichorowa hakikaushwi kwa pupa. Ukikiacha kwenye joto letu, siku ya pili kimeota ukungu. Hugandishwa kwanza, kisha hukaushwa pole pole. Ila sisi friza hatukuwa nayo. Nikampigia simu mfanyabiashara wa samaki wa Matrah, rafiki wa marehemu baba yangu, nikamwomba chumba chake cha barafu. Alinijibu, "Mwanangu, vitabu vya dini vikae na papa?" Nikamwambia vitakaa rafu ya juu. Vilipona karibu vyote. Kimoja cha nahau, sarufi ya Kiarabu, kina harufu ya nguru mpaka leo, na msomaji akilalamika mwambieni amuulize Bi Zuwena.

Sasa nije kwenye kesi ambayo nyote mmeisikia nusu nusu.

Kitabu kililetwa na Dokta Nasser, mhadhiri wa chuo kikuu. Kilikuwa cha babu yake mzaa mama, aliyekuwa kadhi Unguja: kitabu cha fiqhi, yaani sheria za dini, kilichoandikwa kwa mkono na kujalidiwa Basra, zamani za biashara ya tende. Kutoka Basra kilikwenda Unguja, na familia ilipohama kikaja Muscat kimefungwa ndani ya kanga za mama yake. Kurasa zilikuwa nzima. Maradhi yalikuwa kwenye jalada. La mbele lilikuwa salama, lakini la nyuma ngozi ilikuwa imepasuka, wadudu wameingia, ukilibonyeza linatoa unga.

Mnajua majalada ya zamani ndani hayana ubao. Mjalidi alikuwa akikusanya karatasi chakavu zozote, akizigandisha moja juu ya nyingine mpaka ziwe ngumu, ndiyo akavika ngozi. Kwa hivyo nilipoinua pembe ya ngozi nilitegemea kukuta takataka za kawaida: mazoezi ya watoto wa chuo cha Kurani, khati mbaya. Nikakuta wino wa kahawia na herufi zilizolala upande kama majani ya mtende kwenye upepo, zina nukta juu na chini. Majirani zangu wale. Nikaweka mfupa chini, nikapiga picha, nikampelekea Ustadh Yunan kwa WhatsApp.

Hakuandika jibu. Alipiga, na sura yake ikajaa kwenye simu, mzee sana sasa, binti yake nyuma akimshikia mkono usitikisike.

"Zuwena, usiguse."

"Sijagusa."

"Isogeze. Kulia. Hapo." Akaisogelea simu mpaka nikaona jicho tu. Kisha akasema, "Hizi herufi nilifundishwa kanisani kabla sijajua kufunga viatu." Mstari ulioonekana ulikuwa umekatwa pande zote mbili. Aliweza kutoa maneno machache tu: tope, mtoto, ndege.

Nilimwita Dokta Nasser tukae na mkurugenzi. Nikawaeleza kwamba lile jalada la nyuma likirudishwa lilivyo, baada ya misimu michache ya joto litakuwa unga, na karatasi zilizomo zitakwenda nalo. Likifunguliwa, karatasi zitaokoka, lakini jalada lenyewe alilolishika kadhi halitarudi kuwa lile. Halafu nikawaambia ndani mna nini.

Dokta Nasser ni mtu mstaarabu, hakupandisha sauti. Alitazama meza. "Bi Zuwena, babu yangu alikuwa akitoa hukumu. Watu wakisikia kitabu chake kina maandishi ya kanisa ndani, unajua watakavyoandika kwenye simu zao? Watasema alificha. Watasema familia ile ilikuwa na mambo yake."

"Alikuwa hajui, Dokta. Mjalidi wa Basra ndiye aliyeweka. Kwake ilikuwa karatasi tu."

"Mie najua. Wewe unajua. Wao hawataki kujua." Akageuka kwa mkurugenzi. "Naomba nirudishiwe kama kilivyo."

Mkurugenzi akasema mali ni yao. Na kweli. Mimi nikauliza swali moja tu, "Mwenye kitabu khasa ni nani?"

Dokta Nasser akasita. "Mama."

"Basi nnaomba aje mwenyewe, akichukue kwa mkono wake."

Bi Thuraya alikuja kwa kiti cha magurudumu, akisukumwa na mtumishi wake, msichana wa Kiganda aitwaye Proscovia, wenyewe wanamwita Prossy. Bi Thuraya alikuwa mdogo wa mwili, miwani kubwa, na kabla hata sijamaliza kumwamkia aliniuliza, "Wewe mtoto wa nani? Wa Malindi au wa Mkunazini?" Nikamwambia Mkunazini, mtaa wetu wa mjini Unguja. "Ah. Basi bibi yako nnamjua, alikuwa mkali." Ndiyo tukaanza.

Nikamwonesha. Akainama, akatazama zile herufi kwa miwani, kisha bila miwani.

"Zina uchawi?"

"Hapana, Bibi. Ni maandishi ya Manasara wa zamani. Tumesoma maneno mawili matatu tu, yanataja mtoto na ndege."

"Mama," akasema Dokta Nasser, "watu watasema."

"Watu wamekuwa wakisema tangu tulipopanda meli kutoka Unguja," akajibu Bi Thuraya bila kugeuka. "Wao wakisema, sisi tulikuwa na njaa, na hakuna aliyetuletea sahani." Akaweka kiganja juu ya kitabu. "Hili la nyuma linakufa?"

"Linakufa, Bibi."

"Na hili la mbele?"

"Hili zima."

"Basi hili bovu lifungue, utoe ulichokiona. Zima usiliguse. Hapa ndipo baba yangu alipokuwa akishika akinisomesha." Akanyanyua kidole. "Na utakaponisomea, nisomee mie kwanza. Si magazeti."

Kazi ile ilinitoa jasho. Karatasi za juu zilikuwa zimegandishwa kwa wanga, nikazilainisha kwa unyevu, zikakubali. Za ndani mjalidi alikuwa ametumia gundi ya ngozi, ambayo haikubali chochote ila moto na maji, na wino wa kahawia hauvipendi vyote viwili. Nilijaribu kwenye ncha ya herufi moja kwa pamba yenye unyevu. Pamba ikatoka na rangi. Nikasimama pale pale. Nilikuwa nimeshikilia kitu kilichopita karne nyingi, na kwa pamba yangu kingeweza kuisha asubuhi moja.

Nikampigia Ustadh. Akaniuliza, "Una haraka ya nini?" Tukakubaliana maji yasiguse kabisa. Nikalaza kila bonge chini ya kitambaa kinachopitisha mvuke bila kupitisha maji, nikafunika, nikangoja. Kila siku niliingiza mfupa kidogo. Ikikataa, nikafunika tena. Mlionifanyia utani wakati ule kwamba nimeatamia mayai hamkukosea. Mwisho karatasi ziliachana moja moja, bila herufi kubanduka. Zilikuwa zimekatwa kwa umbo la jalada, mistari imepoteza vichwa au miguu, lakini zilisomeka. Ustadh Yunan alizipokea picha, akajifungia nazo. Binti yake aliniambia alikuwa hali mpaka akumbushwe.

Siku ya kusoma walikuja wote. Prossy alimweka Bi Thuraya mezani, akageuka atoke akangoje nje kama kawaida.

"Wewe kaa," akasema Bi Thuraya. "Mambo ya kwenu haya."

"Mama kabira," akasema Prossy, alivyozoea kumwita bibi mkubwa wa nyumba, "mi ni mlokole tu, Kiarabu chenyewe ni cha jikoni."

"Zuwena atakufasiria. Kaa."

Nikaisimamisha simu juu ya rundo la vitabu. Ustadh alisoma mistari ya mwanzo kwa Kisuriani, kwa sauti ya kuimba kidogo, na hakuna kati yetu aliyeelewa neno, na hakuna aliyetikisika. Kisha akaanza kwa Kiarabu, nami nikifuatia kwa Kiswahili. Mvua ilikuwa imenyesha. Mtoto Isa alikuwa akicheza penye mkondo wa maji. Akakusanya tope, akalifinyanga, akatengeneza shomoro wadogo, akawapanga. Ilikuwa Sabato ya Mayahudi, siku tukufu ya mapumziko, isiyofanywa kazi. Mtu mmoja akapita, akaona, akaenda kushtaki kwa baba yake.

"Baba gani? Isa hana baba." Bi Thuraya alikaa wima.

Ustadh Yunan alikuwa amekaa na Waislamu maisha yake yote. "Yusuf seremala, Bibi. Aliyemlea."

"Ah. Mlezi. Endelea."

Yusuf akaja, akamkemea mtoto: mbona unafanya lisilofanywa leo? Mtoto akainua mikono. Na pale karatasi ilikuwa imekatwa.

Prossy ndiye aliyesema mwanzo. "Banange! Hii haiko kwa Biblia. Mimi nimefunza sande skuli, nakwambia haiko. Yesu na ndege za udongo? Hapana."

"Kweli haimo," akasema Ustadh, nami nikamfasiria. "Wakristo wa mwanzo waliandika mengi, binti yangu. Hii ilisomwa majumbani, haikuhesabiwa Maandiko. Bibi yangu Mosul alinihadithia, na padri alikuwa akimkataza, na yeye alikuwa akingoja padri aondoke."

"Mbona sisi tunaijua?" akasema Bi Thuraya, pole pole. Alikuwa amevua miwani. "Ndege wa udongo wamo kwenye Msahafu. Hayo ya huyo mshitaki sijawahi kuyasikia, na mkondo wa maji sijausikia. Lakini ndege nnawajua. Baba alinisomesha aya ile kwenye kitabu gani? Kwenye Msahafu, na hiki cha fiqhi kikiwa chini yake, kama kiti." Akakigusa. "Kumbe walikuwamo humo chini siku zote."

Dokta Nasser alikuwa amesimama, kainama juu ya zile karatasi, na uso wake haukuwa ule wa siku ya kikao. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hicho kipande kilichobaki, yawezekana kimo kwenye jalada la mbele?"

"Yawezekana sana. Mjalidi alikuwa akigawa karatasi za rundo moja."

"Basi tulifungue."

Na niseme ukweli wangu: mkono ulikuwa ukiniwasha. Maisha yangu yote nimetengeneza vitabu vya watu waliojua mwisho wake, na hiki kimoja nilitaka kujua wenyewe walivyoumaliza, kwa maneno gani. Kwenye simu Ustadh naye alikuwa kainamia kioo, nikajua anataka vile vile.

"Nimesema moja," akasema Bi Thuraya.

"Mama, ni kwa ajili ya elimu."

"Juzi ulikuwa unaogopa watu, leo unataka elimu. Vizuri, Mungu akuzidishie. Lakini lile zima ndilo alilolishika baba yangu. Mkiniua mtalifungua." Akacheka kidogo, ila alikuwa hatanii. "Nyinyi mnataka karatasi. Mwisho wake sote tunao."

"Mimi sina, mama," akasema Prossy.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono kati ya magoti. Bi Thuraya akamgeukia, na nadhani kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama yeye na si shughuli yake.

"Hujui ndege walivyofanya?"

"Sijui. Ameinua mikono, halafu nini?"

Bi Thuraya akavuta kiti chake kwa miguu, akamsogelea. Akamwambia kwamba Nabii Isa, amani imshukie, aliwapulizia wale ndege wa tope, wakapata roho kwa idhini ya Mungu, wakaruka. Hakuishia hapo. Akamweleza walivyopiga mbawa, walivyomwaga matone ya tope juu ya kichwa cha yule mshitaki, walivyotua kwenye ukuta wakamgeukia mtoto kumtazama kabla ya kwenda zao. Hayo hayamo kwenye Msahafu, wala Ustadh hakuwa ameyasoma popote. Nilimwona kwenye simu akitabasamu. Prossy alifunika mdomo kwa kiganja.

Karatasi sasa ziko kwenye masanduku yasiyo na asidi, yale ya kijivu mnayoyalalamikia kwa uzito. Dokta Nasser aliandika makala pamoja na Ustadh Yunan. Jina la familia hakulitia, na sikumlaumu. Kitabu kilirudi nyumbani kina jalada jipya nyuma, nililolitengeneza mwenyewe, na la zamani mbele. Siku nyingine kitaletwa tena kwenu, na la mbele nalo litakuwa limechoka. Mtakaporithi uamuzi huo, muulizeni mwenye kitabu kabla ya kumuuliza mkurugenzi.

Prossy alimaliza mkataba akarudi kwao Masaka. Wiki iliyopita nilikwenda Al Khoudh kumjulia hali Bi Thuraya, akanipa simu yake nimsikilizishe ujumbe wa sauti, maana masikio yake sasa yanataka mtu wa kurudia. Alikuwa Prossy, na nyuma yake kelele za watoto.

"Mama kabira, shikamoo. Nimefunza watoto ile ya ndege za udongo, na ile tope kwa kichwa ya yule mtu. Wamecheka, maskini bambi, wanataka kila Sande. Sasa pasta amekuja ameniuliza, Prossy, hii iko wapi, imeandikwa kitabu gani? Nimemwambia haiko kwa kitabu, pasta, iko kwa nyanya mmoja mzee Muscat. Halafu amekaa chini na watoto, amesema, kale, haya, rudia kutoka mwanzo."

Bi Thuraya aliniomba nimwekee tena. Nikamwekea.